Kasha la Mitsuyo Lenye Mdomo Mgongoni

Kila neno mtakalolisoma hapa ni kweli tupu. Naapa kwa magoti yangu mawili, na anayejua yanavyoniuma kwenye theluji anajua siwezi kuyaapia mzaha. Sikusimuliwa na mtu. Nilikuwapo. Nilikuwa nimeshastaafu kazi yangu ya kutoboa tiketi pale stesheni ya mji wetu wa Odate, na mstaafu ana ruhusa ya kuwapo mahali popote penye jiko la moto.

Ilikuwa asubuhi ya mwezi wa pili, theluji imefika usawa wa madirisha ya karakana ya Asari. Mitsuyo Hatakeyama alikuwa amekaa kwenye mto wake karibu na jiko, ukanda wa gome la mcheri ameubana kwa meno, akishona kiungo cha kasha. Pale Asari walitengeneza makasha ya chakula cha mchana kwa mbao nyembamba za mwerezi: mbao zinalowekwa kwenye maji ya moto mpaka zilegee, zinakunjwa, zinabanwa, zinakauka, kisha ncha mbili zinapokutana zinashonwa kwa gome. Wanaume walikunja. Wanawake walishona. Na chini ya kila kasha lililotoka mle, Asari Genzo alichoma kwa chuma cha moto muhuri mmoja tu, wenye jina la Asari.

Asari mwenyewe aliingia akikung'uta theluji mabegani.

"Tokyo wamepiga simu," alisema. "Lile duka kubwa la ghorofa. Wanataka kasha jipya. Wanataka liwe na ngano za mababu ndani yake. Mazimwi, mazimwi hivi."

"Ndani ya kasha, Bosi?" aliuliza Fukiko, aliyekuwa akishona mkabala na Mitsuyo na ambaye hakuwahi kuacha neno lipite bila kulitoza ushuru. "Tuyaweke mazima au tuyakatekate?"

Asari alichukua penseli. Alijifungia ofisini akachora mwenyewe. Alichora kapa, lile zimwi la mtoni lenye kisahani cha maji utosini, akatoka nalo kuwaonyesha.

Fukiko alilitazama kwa heshima. "Huyu si shemeji yako wa Noshiro?"

"Ni zimwi."

"Samahani, Bosi. Ni ile miguu."

Alichora la pili na la tatu, na yote yalitoka shemeji. Mwishowe akaja kusimama nyuma ya Mitsuyo, mikono mgongoni, kama mtu anayetazama hali ya hewa.

"Mitsuyo-san. Wewe si ulilelewa na bibi aliyejua ngano? Hebu jaribu kitu."

Mitsuyo alitoa gome mdomoni. "Nitajaribu. Lakini wakilikubali, muhuri wangu uchomwe chini yake. Jina langu."

Jiko lilinguruma kidogo. Jambo kama hilo halijawahi kutamkwa karakanani. Mitsuyo alikuwa ameshona pale tangu alipokuwa mwali. Nusu ya mji ilikula kwenye makasha yake, mameneja wa benki na wakata magogo, na hakuna hata mmoja aliyejua kuwa kuna mtu aitwaye Mitsuyo.

"Wakilikubali kasha," alisema Asari, "utachomwa. Mimi sisemi mara mbili."

"Hapo ndipo panaponitia wasiwasi," alisema Fukiko.

Inabidi niseme jambo moja juu ya Asari. Alikuwa na jambo moja tu la kujivunia maishani, na alilitoa mbele ya kila mgeni: "Wanawake wangu hawali." Alilisema kama wengine wanavyosifia gari lisilokunywa mafuta. Kweli yenyewe ni kwamba saa ya chakula pale ilidumu muda wa birika kuchemka, kisha alipiga kengele. Wanawake walikula wamesimama, kule nyuma, nyuso zimeelekea ukutani, wakimeza bila kutafuna. Aliyeingia kwa mlango wa mbele hakuona hata mmoja akila.

Mitsuyo hakuhitaji kufikiri sana. Kuna ngano ambayo kila mtoto wa huku anaijua, ya mwanamume bahili aliyeapa hataoa ila mwanamke asiyekula. Akampata. Mzuri, mchapakazi, na hali hata punje. Lakini pipa la mchele likawa linapungua. Siku moja bahili akajificha darini, akamwona mkewe anafungua nywele, na kisogoni mna mdomo wa pili, mpana, wenye meno, na nywele zenyewe zinaulisha matonge ya wali. Watoto huambiwa wamwogope mwanamke yule. Mitsuyo, tangu utotoni, alimwogopa yule mwanamume.

Basi akachora kasha la mviringo wa yai. Mbele aliliacha laini kabisa, halina ua, halina nakshi, kasha lenye adabu zake. Kifuniko alichagua ubao wenye mistari iliyonyooka na kukaribiana, ukiutazama unaona nywele zilizochanwa na kubanwa vizuri. Kiungo, ambacho mafundi wote hukiweka mbele ili watu wasifu ushonaji, yeye alikigeuza nyuma. Hapo kwenye kiungo aliacha mwanya mlalo, upana wa tonge, akauzungushia gome la mcheri juu na chini, jekundu, linang'aa, mishono imepangwa kama meno. Nyuma ya mwanya aliweka kichumba kidogo, cha kitu kimoja tu: kipande cha samaki, kitamu, tonge la akiba. Kitu cha kula wakati watu wanadhani huli. Ncha za gome hakuzikata. Aliziacha ndefu, zining'inie kama nywele zilizofumuka, za kufungia kifuniko.

La kwanza lilipasuka kwenye kukunja. La pili mdomo ulikaa upande, kama mtu aliyetoka kung'olewa jino. La tatu lilikuwa zuri ila zito. La nne likawa lenyewe. Mitsuyo alitia ukoko wa wali kwenye kichumba ajaribu kama mbao zitashika harufu, akaendelea na kazi nyingine. Alipolirudia, ukoko haupo na kasha likasema, "Kidogo."

Fukiko aliinua kichwa. "Linaongea?"

"Ndiyo."

"Linasemaje?"

"Lina njaa."

"Basi limeshakuwa mfanyakazi wa hapa," alisema Fukiko, akarudi kwenye mshono wake.

Walilionjesha kidogo kidogo siku zile. Lilipenda figili iliyokaushwa kwa moshi, halikupenda uyoga. Sauti yake ilikuwa ya kike, ya kawaida, ya mtu anayezungumza akiwa amekupa mgongo. Na kila wanawake walipomaliza kula kule nyuma na kengele kulia, lilisema neno moja bila ugomvi: "Mitsuyo hajala."

Ilikuwa kweli, maana Mitsuyo alikuwa akiligawia kasha nusu ya chakula chake.

Asari alilisikia siku ya tatu. Aliliinua, akaligeuza, akautazama mdomo kwa karibu. "Kazi safi," alisema. "Ila uzibeni huo mdomo kabla wageni hawajafika." Mfanyakazi mmoja akauziba kwa gundi ya mchele. Kasha likaila gundi. Wakauziba kwa pamba. Pamba likaitema, kwa ustaarabu, kwenye kitambaa. Basi Asari akaamua kwamba siku ya wageni kasha litawekwa mgongo ukiwa ukutani, na mambo yataishia hapo.

Mgeni alikuwa mmoja, Nishiwaki-san, mnunuzi wa lile duka la Tokyo. Mtu mwembamba, mwenye mafua, aliyevua viatu akavipanga vizuri kuliko tulivyovipanga sisi. Aliketishwa kwenye mikeka ya chumba cha wageni, chini ya picha ya babu yake Asari. Mimi nilikuwa pembeni, nimejipa kazi ya kulinda birika. Kasha liliwekwa juu ya meza fupi, limejaa: wali, samoni wa kuchoma, mayai ya kukunja, figili ya moshi. Vyote alivipika Mitsuyo alfajiri. Mwenyewe alikuwa akiingia na kutoka na chai, kwa magoti, kama ilivyo desturi.

"Umbo la ajabu," alisema Nishiwaki-san akipangusa pua. "Lina utulivu fulani. Nani alilichora?"

"Lilinijia asubuhi moja," alisema Asari, "nikiwa nanyoa ndevu."

Mitsuyo alikuwa akimimina chai. Hakumwaga hata tone.

Wakala. Walikula vizuri, wakasifu, wakagusia theluji, wakagusia bei. Kikabaki kipande kimoja cha yai la kukunja.

Nadhani kwenu pia kipo. Sisi tunakiita tonge la haya. Chakula cha wengi kikibaki kipande cha mwisho, hakuna anayekigusa, maana atakayekigusa ameonyesha kwamba tumbo lake limemshinda. Na kwa kuwa kipo, kifuniko hakiwezi kufungwa. Na kifuniko kisipofungwa, mlo haujaisha. Na mlo usipoisha, hakuna mtu mwenye malezi anayeweza kutoa karatasi za mkataba.

"Tafadhali, malizia," alisema Asari.

"Hata kidogo, nimeshiba mpaka hapa. Wewe tafadhali."

"Mgeni ndiye wa kwanza."

"Mwenyeji ndiye wa haki."

"Utanionea."

"Wewe ndiye utakayenionea."

Waliendelea hivyo. Chai ikapoa, ikaletwa nyingine, nayo ikapoa. Jua likahama kutoka kwenye mkeka mmoja hadi mwingine. Nishiwaki-san aliitazama saa yake kwa pembe ya jicho, kwa sababu treni ya kurudi ilikuwa moja tu. Kipande cha yai kilikaa pale, cha manjano, na mambo yote ya karakana yakiwa yamekikalia juu.

Ndipo kasha likageuka. Liligeuka polepole juu ya meza, kama mtu mzima anayejigeuza kwenye mto wake, mpaka mgongo ukawaelekea. Ncha za gome zikainuka, zikaingia ndani, zikakichukua kipande cha yai katikati, zikakipeleka nyuma. Mdomo ukafunguka, ukatafuna bila haraka, ukameza. Kisha ukacheua, mcheuo mmoja mzito wa kushiba.

"Asante kwa chakula," kasha lilisema. "Nimekula kwa niaba ya Mitsuyo, ambaye hajala. Ndiye aliyenichora, na ndiye anayewamiminia chai. Huyu alikuwa ananyoa ndevu tu."

Nishiwaki-san alijiweka sawa kwenye magoti yake. Alitoa kadi yake ya kazi kutoka mfukoni, akaishika kwa mikono miwili, akainama, akalikabidhi kasha.

"Nishiwaki. Nimefurahi kukufahamu."

Gome likaipokea kwa ncha mbili. Kasha likaisoma kwanza, kama inavyotakiwa, kisha likaiweka kando ya sahani. "Niwie radhi," lilisema, "mimi kadi sina. Chini nimechomwa jina la mtu mwingine."

Kifuniko kikafungwa. Mlo umeisha. Karatasi zikatoka, na Nishiwaki-san akaagiza makasha mengi kuliko karakana ile ilivyowahi kukunja kwa msimu mzima, kwa bei ambayo Asari aliisikia akaomba irudiwe.

Mitsuyo aliweka birika chini. "Bosi," alisema. "Muhuri wangu."

"Ah, Mitsuyo-san." Asari alitabasamu kwa huzuni ya mtu anayebanwa na haki. "Tulikubaliana wakilikubali kasha. Wewe mwenyewe umeona. Hawakukubali kasha. Wamekubali mdomo."

Mitsuyo alimgeukia mgeni. Nishiwaki-san alipiga chafya, akasema theluji ya huku kweli ni nyeupe, akaomba kuonyeshwa viatu vyake. Mambo ya ndani ya nyumba ya mtu hayaingiliwi na mpita njia. Alikuwa mtu wa heshima sana.

Basi wakakunja na kushona mpaka majira ya kuchipua. Na kila kasha lilipomalizika, mdomo ulifunguka wenyewe na kusema, "Kachora Mitsuyo." Yale yaliyoshonwa na Fukiko yaliongeza, "Kashona Fukiko, mgongo unamuuma." Asari alienda kwenye chumba cha kukaushia, akasimama mbele ya rafu, makasha yamepangwa mpaka darini.

"Asari," aliyaambia. "Haya, semeni. A-sa-ri."

Makasha yalimsikiliza kwa adabu.

"Tuanze tena. Kachora nani?"

"Mitsuyo," yakasema yote, na dirisha likatetemeka.

Alirudia kila asubuhi kwa muda, kabla ya kifungua kinywa, na sauti ikamkauka. Kisha akaacha. Yalipakiwa kwenye treni, yamechomwa chini ASARI, yote, bila kuacha hata moja.

Zikaanza kuja habari. Dereva wa treni ya kwenda Morioka alisema saa sita mchana behewa zima linasema "Mitsuyo" kwa pamoja, na abiria wanajibu "Asante, Mitsuyo-san" ndipo waanze kula. Shuleni watoto walijifunza kuacha tonge kwenye kichumba. Katika ofisi za Tokyo, mameneja waliowapigia watu kengele mapema walisikia mezani, kutoka nyuma ya makasha: "Huyu hajala. Na huyu hajala. Na yule pale dirishani anajifanya kala." Wengine waliongeza muda wa chakula. Wengi walinunua makasha ya plastiki. Lakini jina lilikuwa limeshatoka, na jina likishatoka huwezi kulifukuza kwa fagio.

Fukiko ndiye aliyempeleka Mitsuyo Tokyo. "Nenda ukajisikie," alimwambia, akamkatia tiketi, akapanda naye ili, kama alivyosema, kuwe na shahidi.

Duka lile lina ukumbi wa kulia ghorofa ya juu kabisa. Walifika mchana, pamejaa hata mtu hapiti. Mitsuyo alivaa kimono chake cha kijivu cha harusi za watu. Walipotoka kwenye lifti, vifuniko vilikuwa vinafunguliwa meza hadi meza, na jina lake lilikuwa likitembea ukumbini kama upepo kwenye mpunga: kachora Mitsuyo, kachora Mitsuyo, huku, kule, mpaka jikoni. Alisimama penye mlango, mkoba ameushika kwa mikono miwili.

"Shoga," alisema Fukiko, "utasimama mpaka lini? Kaa. Agiza."

"Niagize nini?"

"Kitu kirefu. Kitu cha kutafuna."

Akakaa. Katikati ya ukumbi, uso ukiwa umeelekea watu. Akaagiza samaki mkunga wa kuchoma juu ya wali, na supu, na kachumbari. Akala taratibu. Alitafuna kila tonge. Birika lingeweza kuchemka, likakauka, likajazwa tena. Alipofikia kipande cha mwisho hakumtazama mtu. Alikichukua kwa vijiti, akakila.

Ukumbi wote, kutoka nyuma ya kila kasha, ukasema:

"Kala."

Watu wakainamisha vichwa kidogo, kama unavyofanya jirani yako anapopata habari njema, wakaendelea na chakula chao. Fukiko alilia, lakini alisema ni haradali.

Siku iliyofuata Mitsuyo alirudi kwenye mto wake, gome mdomoni. Saa ya chakula ilipofika, hakwenda kule nyuma. Alikaa hapo hapo, akafungua kasha, na wengine wakamfuata mmoja mmoja, wakakaa. Asari akapiga kengele. Waliendelea kutafuna. Akapiga tena. Makasha yakasema, "Bado wanakula." Akaenda ofisini kuchoma mihuri.

Haya nimeyasimulia mara nyingi, na mara ya mwisho ni juzi, kwenye ukumbi wa mapumziko wa bafu la mjini, pale wanaume na wanawake tunapokutana baada ya kuoga, tumevimba kama maandazi, taulo shingoni. Nilikuwa nimefika pazuri. Nimeigiza mcheuo mpaka watu wakashika mbavu.

"Babu," ilisema sauti kutoka upande wa mashine ya kukanda mgongo. "Rudia hapo kwenye mcheuo."

Alikuwa Mitsuyo, nywele zimefungwa kwa taulo, amefumba macho, mashine inamtikisa.

Nikarudia, kwa uangalifu zaidi.

"Makasha yangu hayacheui," alisema. "Nayashona mimi, nayajua. Aliyecheua siku ile ni Asari. Mtu aliyekuwamo chumbani asingeweza kukosea, maana picha ya babu yake ilitikisika."

Ukumbi wote ukanigeukia.

"Kumbe hukuwapo!" alisema muuza tofu.

"Nilikuwapo karibu," nilisema.

"Karibu wapi?"

"Odate."

Wakapiga makofi ya furaha, wale watu wasio na huruma. Pale bafuni sheria ni moja na imebandikwa kwenye vichwa vya wote: mwongo akikamatwa, ananunulia ukumbi mzima maziwa ya kahawa.

"Na yale mengine je?" aliuliza mgeni mmoja aliyekuja kuteleza kwenye theluji. "Mdomo? Kadi? Ukumbi wa Tokyo?"

"Mengine sawa," alisema Mitsuyo.

"Na muhuri?"

"Asari."

Mgeni alitikisa kichwa, akasema haya ndiyo mambo ya kazi, na kila mtu akakubali kwamba ndiyo mambo ya kazi. Mimi nikaenda kwenye friji na sarafu zangu, nikaanza kugawa chupa, magoti yananilaani kwa kila hatua. Nilipomfikia Mitsuyo nikampa moja.

"Mbili," alisema.

"Kila mtu ni moja, Mitsuyo-san."

Aliifungua taulo kichwani, bila haraka, akanipa kisogo.

Nikarudi kwenye friji nikalipa ya pili.